Sura ya Tano: Pesa ya Giza, Matumizi ya Mbalamwezi

Shangazi yangu huanika dagaa kisiwani Kome. Kalenda iliyoning'inia ukutani kwake ina miduara ya kalamu nyekundu, na miduara hiyo si ya Pasaka wala ya Idi. Ni ya mwezi mpevu. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, maana ziwa zima linakuwa limeshawashiwa taa moja kutoka juu. Mitumbwi inapandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, vijana wanacheza drafti hadi jua linazama. Siku kama kumi hivi hakuna kinachoingia. Kisha giza linarudi, taa za sola zinatapakaa ziwani usiku utadhani kuna mji umeelea, na alfajiri mwalo wote unanuka dagaa wabichi na pesa.

Watu wa mwaloni wanaliita hivyo hivyo tu: giza. "Giza hili tumepata." "Ngoja giza lijalo nitakulipa." Mshahara wa mwalimu una tarehe, pesa ya pamba ina msimu, pesa ya dagaa ina mwezi, na ninamaanisha mwezi wa angani. Shangazi akishapeleka magunia yake Mwaloni Kirumba, ambako wanunuzi hutoka hadi Kongo, anarudi kisiwani na fungu nono. Mbalamwezi ikiisha, fungu hilo limebaki mifupa.

Siku moja nilimpigia simu kwa furaha. Nilikuwa nimeona akaunti ya akiba inayofunguliwa kwa simu, bila foleni wala picha za pasipoti, riba asilimia 9. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza. Hakuniuliza jina la benki. Aliniuliza hivi:

"Sasa baba, hiyo tisa, nikiitaka hela yangu mbalamwezi wananipa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma tangazo mara mbili na jambo hilo sikulitafuta, kwa sababu macho yangu yaliishia kwenye tisa. Sura hii ni juu ya swali lake. Ukilishika hilo, riba utaiuliza mwishoni, na utaiuliza vizuri zaidi.

Kwanza niseme jinsi nilivyoumia, ili usidhani naandika haya kutoka kitini. Mwaka mmoja, mwezi Novemba, nilifunga shilingi 3,000,000 kwenye akaunti ya muda maalumu ya benki ambayo haina kosa lolote, kwa hiyo haitajwi. Miezi mitatu, asilimia 9. Nilipiga hesabu kichwani: tisa ya milioni tatu ni 270,000. Nikatembea kifua mbele hadi Krismasi. Nilichokisahau ni kwamba asilimia hutajwa kwa mwaka hata kama pesa inakaa miezi mitatu. Robo ya 270,000 ni 67,500. Kisha serikali nayo ina sehemu yake: riba ya benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla haijakufikia, na hukatwa yenyewe, huombwi. Nikabakiwa na 60,750.

Ikafika Januari, na Januari kila mzazi wa nchi hii anaijua. Ada, sare, madaftari, ndoo na jembe. Pesa yangu ilikuwa imefungwa, nikaona aibu kuivunja, nikakopa 500,000 kwa simu. Siku thelathini, ada ya mkopo asilimia 9. Hiyo si ya mwaka, ni ya siku thelathini. Nikalipa 45,000. Mwezi wa pili sikuwa nimejikusanya, nikakopa tena kiasi kile kile, nikalipa 45,000 nyingine. Jumla 90,000, ili nisiguse pesa iliyokuwa inanizalia 60,750. Ningeivunja ile akaunti siku ya kwanza ya Januari, ningepoteza riba tu, na mtaji wangu ungerudi mzima. Nilikuwa nimejikopa mwenyewe kupitia mlango wa jirani, na jirani akanitoza.

Kwa hiyo pesa ya mtu mmoja si pesa moja. Ile pesa ya shangazi baada ya giza zuri ina ndani yake unga na mafuta ya siku kumi, posho za vijana wanaomsaidia kuanika, ada ya mtoto wa Januari, na mabati ya nyumba ambayo amekuwa akiisema tangu mimi sijaoa. Kila fungu lina siku yake ya kutoka. Akaunti nzuri ni ile inayofunguka siku fungu lake linapotakiwa, na benki hiyo hiyo inaweza kukufaa kwa fungu moja na kukuumiza kwa lingine.

Tuanze na fungu la karibu, la mbalamwezi. Hili linataka kutoka wakati wowote, na mahali pake ni pochi ya simu au akaunti ya kawaida ya akiba. Usitegemee riba hapo. Kwa miaka ya karibuni akaunti za kawaida za akiba nchini zimekuwa zikilipa karibu asilimia 3 kwa mwaka, na mfumuko wa bei nao umekuwa ukicheza hapo hapo kwenye 3. Pesa inapiga makasia ili isirudi nyuma. Ukiongeza makato, inarudi nyuma kweli. Chukua milioni moja iliyokaa mwaka mzima kwa asilimia 3: imezaa 30,000, kodi imechukua 3,000, umebaki na 27,000. Ikiwa akaunti hiyo inakatwa 2,000 kila mwezi ya uendeshaji, ni 24,000 kwa mwaka. Faida yako ni shilingi elfu tatu, yaani soda mbili tatu. Akaunti nyingine yenye asilimia 2 isiyo na makato ya mwezi ingekuachia 18,000. Hii ndogo imeishinda ile kubwa mara sita. Ndiyo maana nikiona tangazo siku hizi natafuta kwanza karatasi ya makato, ambayo kwa kawaida iko mbali na tangazo na herufi zake ni za wenye macho ya kunguru.

Na kuna tundu jingine ambalo pesa hupitia, dogo kuliko makato na gumu zaidi kuliona: riba inapigwa juu ya salio lipi? Kwa mtu wa mshahara jambo hili si kubwa sana. Kwa mtu wa dagaa ni kila kitu. Tuseme salio la shangazi linapanda hadi 3,000,000 na kushuka hadi 400,000 katika mwezi mmoja, na wastani wake ukihesabu siku kwa siku ni 1,700,000. Benki moja inalipa asilimia 3 juu ya salio la chini kabisa la mwezi. Hiyo ni 400,000, na riba ya mwezi ni 1,000. Benki ya pili inalipa asilimia 3 ile ile juu ya salio la kila siku. Riba inakuwa 4,250. Tangazo ni lile lile, asilimia ni ile ile, tofauti ni zaidi ya mara nne. Swali la kumuuliza mhudumu ni fupi: "Riba mnahesabu kwa salio la kila siku au la chini la mwezi?" Akisita, mwambie akuulizie kwa mkubwa wake. Ni haki yako kujua kabla hujaweka hata shilingi.

Pochi ya simu yenyewe watu wengi hudhani haizai. Inazaa. Pesa zote zilizomo kwenye simu za Watanzania hukaa benki, kwenye akaunti za amana zinazotenganishwa na fedha za kampuni ya simu, na amana hizo hupata riba. Mwaka 2014 Tigo Pesa walianza kuwagawia wateja wao riba hiyo, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mtandao wowote duniani wakati ule. Nakumbuka nilipopata ujumbe kwamba nimegawiwa shilingi kadhaa nilidhani ni matapeli, nikakaribia kuufuta. Mwaka huo huo Vodacom walileta M-Pawa, iliyofuata nyayo za M-Shwari ya Kenya ya mwaka 2012: akaunti ya benki kamili ndani ya menyu ya M-Pesa, unaweka kidogo kidogo, unapata riba, na unaweza kukopa. Nimekaa na watu wengi wa M-Pawa mjini Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi Igoma, na sijakutana na wengi waliojiunga kwa ajili ya riba. Walijiunga kwa ajili ya mkopo, na waliweka akiba ili kiwango chao cha kukopa kipande. Simlaumu mtu. Ila ukiweka kwa asilimia tatu au nne kwa mwaka ili ukope kwa asilimia tisa kwa mwezi, ujue umeingia duka gani.

Kuhusu gharama ya kuzungusha pesa, hakuna somo lililotufundisha kama lile la Julai 2021, tozo ya miamala ilipoanza. Ghafla kutuma na kutoa kukawa na uzito, watu wakarudi kubeba noti kwenye soksi, na Septemba mwaka huo huo serikali ikapunguza kwa asilimia 30. Baadaye ikapunguzwa zaidi. Nilichokiona wakati ule ni kwamba mama wa sokoni ambaye hakuwahi kujua riba yake ni asilimia ngapi alijua makato yake mpaka shilingi ya mwisho. Hesabu hiyo ndiyo inayotakiwa. Ukiweka na kutoa mara kumi kwa mwezi, gharama ya kutoa kwa wakala itameza riba ya mwaka mzima. Lipa moja kwa moja kwa lipa namba, hamisha kutoka simu kwenda benki pale ambapo ni nafuu, na ukitoa, toa mara moja kiasi cha kutosha.

Sasa twende kwenye fungu la Januari. Hili tunajua litatakiwa lini, na halitakiwi kabla. Hapa ndipo akaunti ya muda maalumu inapopata kazi. Benki kubwa zimeifanya iwe ya simu: unaingia kwenye SimBanking ya CRDB au NMB Mkononi, au unapiga namba zinazoanza na *150* kwa simu ya kitochi, na mambo mengi unayamaliza ukiwa umekaa juu ya gunia. Amana za mwaka mmoja zimekuwa zikilipa karibu asilimia 8 hadi 9, na mwenye fedha nyingi hukaa mezani akapewa zaidi. Ndiyo, riba hujadiliwa. Wanaoijadili ni wenye mamia ya mamilioni, lakini hata kikundi cha wanawake kumi na tano waliokusanya 20,000,000 kinaweza kwenda tawini na kuuliza, na ukiwa na barua ya benki ya pili mkononi, sauti yako inasikika vizuri zaidi.

Shangazi hakutaka kufunga pesa zake zote mara moja, na kwa hilo alikuwa mwerevu kuliko mimi. Tulichofanya ni ngazi. Kila giza linapokaribia kwisha anafunga 500,000 kwa siku 90. Giza linalofuata anafunga 500,000 nyingine, na la tatu vivyo hivyo. Kuanzia hapo kila mwezi kuna 500,000 moja inayofunguka, na anaamua: aile au airudishe. Na hapa nikagundua kitu kilichonifurahisha peke yangu kwa wiki nzima. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu. Miezi mitatu ni siku 88 na nusu hivi. Kwa hiyo akifunga siku tano kabla ya mwezi mpevu, siku ya 90 inaangukia siku tatu au nne kabla ya mwezi mpevu wa tatu, pale pale anapoanza kuhitaji. Benki haikuipanga akaunti yake kwa ajili ya dagaa, lakini inaendana na dagaa kama kasia na mkono. Nilipomwonyesha kwenye kalenda yake alinishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, baba," kwa sauti ya mtu aliyekuwa anajua tayari.

Kabla ya kufunga, uliza mambo mawili. La kwanza: nikivunja kabla ya wakati napoteza nini, riba yote au sehemu? La pili: siku ikifika nisiposema kitu, mnaifunga tena wenyewe? Aplikesheni nyingi zina kiboksi cha kujirudia, na kikiachwa kimewekwa alama, pesa ya ada itajifunga tena wakati wewe uko ziwani pasipo mtandao.

Mahali pengine pa fungu hili ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mkubwa kati yake ni UTT AMIS ya serikali, ambayo mizizi yake ni Unit Trust of Tanzania ya mwaka 2003. Mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza 2005, na Mfuko wa Ukwasi ukafuata 2013. Unanunua vipande, fedha za watu wote zinakusanywa na kuwekwa kwenye hati fungani na amana za benki, na thamani ya kipande inapanda kadiri fedha hizo zinavyozaa. Ukwasi umekuwa ukizaa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, unatoka ndani ya siku chache za kazi, na haukutozi kwa kuingia wala kutoka. Kwa pesa ya Januari naupenda kuliko akaunti ya kawaida. Lakini usiuchanganye na akaunti ya benki. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, hakuna riba iliyoahidiwa, na bima ya amana haigusi vipande. Na zile "siku chache za kazi" zina uzito wake: mtoto akiugua Ijumaa usiku, Ukwasi hautakusaidia kabla ya wiki inayofuata.

Bima ya amana yenyewe tuiseme, kwa sababu ziwa letu lina kisa chake. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa mkupuo kwa kukosa mtaji wa kutosha. Mojawapo ilikuwa Kagera Farmers' Cooperative Bank, benki ya wakulima ng'ambo ya pili ya ziwa. Nyingine zilikuwa Covenant, Efatha, Njombe na Meru. Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Wakati ule fidia ya juu kwa mteja ilikuwa 1,500,000. Aliyekuwa na milioni moja alirudishiwa yote. Aliyekuwa na milioni kumi alipewa moja na nusu, na kwa iliyobaki akaungana na wengine kusubiri mali za benki ziuzwe na madeni yakusanywe, safari ambayo haina ratiba. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi 7,500,000. Kinahesabiwa kwa mtu mmoja ndani ya benki moja. Ukiwa na akaunti tatu kwenye benki moja bado wewe ni mtu mmoja. Kwa hiyo ukivuka kiwango hicho na moyo wako ni mwepesi kushtuka, benki mbili ni bora kuliko moja. Kwa akaunti ya ndani ya simu, jua benki iliyo nyuma yake. Menyu inasema jina la mtandao, lakini anayeishika pesa ana jina lingine, na jina hilo lazima liwe kwenye orodha ya Benki Kuu.

Maana wasiokuwa kwenye orodha ni wengi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia aplikesheni 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, zile ambazo mitaani tuliziita kausha damu. Hizo zilikuwa za kukopesha. Za kupokea akiba huja kwa sura nyingine, na anayekumbuka DECI hana haja ya kuelezwa. Watu walipanda mbegu, wakaambiwa watavuna mara mbili, wa mwanzo wakavuna kweli kwa mbegu za waliokuja nyuma, na mwaka 2009 serikali ilipoifunga shamba lilikuwa limejaa wapandaji wasiokuwa na cha kuvuna. Leo hawapandi tena mbegu, wanaambiwa watazame video au wabonyeze nyota kwenye simu. Fimbo yangu ya kupimia ni hati fungani ya serikali. Serikali ikikopa kwa miaka 25 ilikuwa inalipa asilimia 15.95 kwa mwaka, na Aprili 2022 ikashusha hadi 12.56. Huyo ndiye mkopaji mwenye nguvu kuliko wote nchini, mwenye kodi zetu mkononi. Mtu akikuahidi 30 kwa mwezi, jiulize anafanya biashara gani ambayo Wizara ya Fedha haijaisikia.

Hati fungani hizo ndizo mahali pa fungu la tatu, la mabati. Mnada wa Benki Kuu unampokea mtu wa kawaida kuanzia 1,000,000, riba hulipwa kila miezi sita, na za muda mrefu hazikatwi ile kodi ya asilimia 10. Utahitaji akaunti ya uwekezaji, na benki yako inaweza kukufungulia. Sitakaa hapa sana, sura ya nane ni ya hati fungani peke yake.

Nina wasomaji ambao neno riba lenyewe limewakwaza tangu ukurasa wa kwanza, na si wachache katika mji huu. Benki ya Amana ilifunguliwa 2011 kwa misingi ya Kiislamu, na benki nyingine kadhaa zina madirisha ya aina hiyo. Huko fedha yako inaingia katika biashara kwa mkataba wa kugawana faida, na kinachotajwa ni uwiano wa mgao badala ya asilimia iliyoahidiwa. Maswali ya sura hii yanabaki yale yale: nini kinakatwa, na inatoka lini.

Na kikoba? Shangazi ni mweka hazina wa kikoba chao, na kila nikimweleza asilimia 9 anacheka. Kikoba chao kinakopeshana kwa asilimia 10 kwa mwezi, na Desemba wakivunja, kila hisa inarudi imenona kuliko ng'ombe wa masika. Hakuna benki ya mtandaoni itakayomfikia. Lakini tuambiane ukweli: faida hiyo imetoka kwenye mifuko ya wanachama wenyewe, na aliyekopa sana amemnenepesha ambaye hakukopa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imevitaka vikundi hivi visajiliwe, hatua nzuri, ila bado kasha la kufuli tatu ni kasha. Mbao zinaungua, wenye funguo wanahama. Vikundi vingi sasa vinaweka fedha ya kundi kwenye simu kupitia M-Koba, ambapo mmoja peke yake hawezi kutoa bila wenzake kuidhinisha. Hilo la kuidhinishana ndilo lililomshawishi shangazi kuliko riba yoyote niliyowahi kumtajia.

Kuna jambo moja ambalo watu wa ziwani hawapendi kuliongea, na mimi nitaliongea kwa sababu ziwa huchukua watu. Kijana anazama usiku, simu inazama naye, na namba ya siri alikuwa anaijua peke yake. Pesa iko. Haijapotea. Lakini mjane hawezi kuitoa kwa kujua namba ya siri wala kwa sababu jina lake limeandikwa kwenye fomu kama ndugu wa karibu. Atahitaji cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi mlango wa kwanza ni mahakama ya mwanzo. Hayo yote yanawezekana ikiwa kuna mtu anayejua kwamba akaunti ilikuwepo. Akaunti ya mtandaoni haina kitabu cha kukutwa chini ya godoro. Andika kwenye karatasi majina ya benki, mitandao na mifuko uliyonayo, bila namba za siri, na mwonyeshe mtu mmoja inapokaa. Wakati huo huo piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwao kesho yake, kwa sababu laini hiyo ndiyo mlango wa anayetaka kujifanya wewe.

Shangazi ameandika karatasi yake. Ana pochi ya simu ya mbalamwezi, ngazi yake ya 500,000 tatu, vipande vya Ukwasi vya ada. Mabati bado, anasema anasubiri giza zuri. Karatasi ameiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na nilipolifungua ili niione, nikakuta ndani yake shilingi 200,000 taslimu zimefungwa kwa kamba ya wavu.

Nikamwambia, hii nayo ungeiweka benki. Kwa asilimia 3, baada ya kodi, ungepata 5,400 kwa mwaka.

"Wakala wa hapa giza likichanganya hana pesa," akasema, "kila tajiri anatoa za kulipa vijana. Mvua ikinyesha mtandao unakwenda nao. Nauli ya boti kwenda kumtafuta wakala mwenye pesa, baba, ni shilingi ngapi?"

Ilikuwa ni zaidi ya 5,400. Nikalifunika kopo, nikalirudisha juu ya kabati.